Kata kitambi, jenga mwili: chakula cha Tanga, dumu la lita 20 na daftari

Wadau wa Tanga na majirani zetu wa Pangani, Muheza na Korogwe, hii nawaandikia nyie mnaotaka mambo mawili kwa mpigo, kitambi kiondoke na kifua kije, ila hamna hela ya kulipia jimu kila mwezi wala ya kununua yale makopo makubwa ya podi ya protini. Inawezekana kabisa. Kitu nnachotaka mkishike kuliko vyote ni kwamba shida ya wengi wetu hapa pwani sio uvivu, watu wanakimbia Raskazone alfajiri mpaka fulana inakamulika, shida iko kwenye kifungua kinywa kisichokua na protini na kwenye mazoezi ambayo mzigo wake ni uleule Januari mpaka Desemba. Rekebisha hivyo viwili kwanza, mengine yatafuata.

Tuelewane kidogo mwili unavofanya kazi. Mafuta hayageuki kuwa msuli na msuli haugeuki kuwa mafuta, hivi ni vitu viwili tofauti. Mafuta ni akiba, yanapungua pale tu unapokula kalori chache kuliko unazotumia, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Msuli ni nyama, unaongezeka pale unapoubebesha mzigo ambao haujauzoea afu ukaupa protini na usingizi. Ukipunguza chakula bila kunyanyua kitu chochote mwili unachoma mafuta na unakula na msuli humohumo, ndio maana unamuona mtu kapungua kilo 10 lakini tumbo bado lipo, limelegea, na mikono imekua vijiti, halafu anaambiwa anaumwa. Na mwili hauchagui kupunguza mafuta pale unapotaka wewe. Sitapu 200 kila siku zinaimarisha msuli wa tumbo ambao umekaa chini ya mafuta, mafuta yenyewe yanabaki palepale juu. Kujifunga nailoni tumboni unakimbia kunatoa jasho tu, ukinywa maji uzito umerudi, na kwa joto letu hili kuna hatari ya kuzimia njiani. Chai ya tangawizi na limao haichomi mafuta pia, ni chai nzuri tu, kunywa kama unaipenda.

Kama ndio unaanza, au uliwahi kufanya ukaacha mda mrefu, una bahati, wewe unaweza kujenga msuli na kupunguza mafuta kwa wakati mmoja. Mtu aliyebeba vyuma miaka mingi kwake hilo ni gumu, inabidi achague kimoja kwanza. Kwahiyo miezi yako ya mwanzo usiichezee.

Sasa tuje asubuhi. Kifungua kinywa cha kawaida mtaani Ngamiani au Makorora tunakijua, chai vijiko vitatu vya sukari, chapati mbili au maandazi manne, siku nyingine muhogo wa kukaanga na chachandu, siku nyingine mbaazi za nazi. Mimi simwambii mtu aache mbaazi, ntarudi kwenye mbaazi maana zenyewe ni nzuri. Ila angalia hiyo sahani. Muhogo gramu 100 una protini haifiki hata gramu 2. Andazi ni ngano, sukari na mafuta. Mafuta ya aina yoyote, ya alizeti, ya nazi, ya mawese, kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na chapati inakunywa mafuta mara mbili, kwenye kusukumwa na kwenye kikaango. Sukari kijiko cha chai ni kalori 16 mpaka 20, ukinywa vikombe vinne kwa siku kila kimoja vijiko vitatu hizo ni kalori 200 na zaidi na hujatafuna kitu. Kwahiyo unafika saa nne umeshakula kalori nyingi, protini hakuna, na njaa imerudi, unaongeza bajia. Protini yote ya siku unaikuta usiku kwenye kipande kimoja cha samaki. Hapo msuli unajengwa na nini?

Kiwango ni hiki. Anayebeba vyuma akitaka msuli alenge gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ukienda mpaka gramu 2 hamna tatizo kama figo zako ni nzima. Mwenye kilo 70 ni gramu 112. Mwenye kitambi kikubwa sana apige hesabu kwa uzito anaoulenga, asitumie wa sasa hivi, atajishindilia bure. Afu igawanye kwenye milo mitatu au minne, kila mlo gramu 25 mpaka 40, na ule wa asubuhi usiukose.

Itatoka wapi? Tanga ni mji wa samaki jamani, nenda Deep Sea asubuhi boti zinaporudi uone. Samaki aliyepikwa gramu 100 ana protini 20 mpaka 25, jodari anazidi hapo, vibua ni bei ya chini na wana yale mafuta mazuri ya samaki. Pweza akishaiva gramu 100 anakaribia gramu 30 na mafuta yake ni kidogo sana, ile supu ya pweza ya jioni ambayo watu wanainywa kwa sababu nyingine ni chakula cha mwanamichezo hasa. Dagaa wakavu ndio wafalme kwa bei, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwahiyo gramu 30 tu, kiganja kimoja kilichojaa, zinakupa gramu 15 na zaidi, na ukiwala na mifupa unapata kalsiamu. Yai moja gramu 6. Maziwa nusu lita gramu 16, na mkoa huu una wafugaji wengi, maziwa na mtindi vinapatikana kila kona, chukua ule usio na sukari. Maharage kikombe kimoja yakiwa yameiva gramu 15, na maharage yanashuka kutoka Lushoto. Mbaazi kikombe gramu 11, choroko na kunde hazipo mbali na hapo. Karanga gramu 100 zina protini 25 lakini pia zina kalori zaidi ya 550, kwahiyo kwa mtu mwembamba anayetaka uzito karanga ni rafiki mkubwa, kwa mwenye kitambi ziwe chache, kiganja basi.

Siku moja inaweza kuwa hivi. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha, glasi mbili za maziwa (hiyo ndo nusu lita), na muhogo wa kuchemsha au chapati moja. Sio mbili. Mchana ugali, maharage kikombe, mchicha na dagaa kiganja. Usiku samaki wa kuchoma au wa kupaka gramu 200, yaani kipande cha kushiba kweli, na wali kiasi na kachumbari. Jumlisha: 18 ya mayai, 16 ya maziwa, 15 ya maharage, 15 ya dagaa, 44 hivi ya samaki, hapo umefika 108, afu ugali na wali navyo vina protini kidogokidogo unavuka 112 bila kununua kopo lolote. Siku samaki amepanda bei, na bahari ikichafuka kwenye kusi samaki anapanda kweli, ongeza mayai na maharage, maisha yaendelee.

Unayekula kwa mama lishe hauna cha kujitetea, mwambie tu, "Mama, ugali nusu, maharage niongezee, na mchuzi usinimwagie ule wa juu." Ule wa juu ndio mafuta yanaelea. Atakuzoea ndani ya wiki.

Kwenye nazi nna ushauri wangu maana najua nikisema acheni nazi hamtanisikiliza, na sioni sababu ya kuacha. Nazi iliyokunwa gramu 100 ina kalori 350 hivi, nyingi zikiwa za mafuta, kwahiyo chungu cha mbaazi cha nazi mbili sio kitu kidogo. Pikia tui jepesi, lile la mkamuo wa pili na wa tatu, afu tui zito weka kidogo tu mwishoni kabla hujaepua, harufu na ladha vinakuja vilevile. Mbaazi zako ziwe nyingi na mchuzi uwe wa kiasi, na maandazi mawili badala ya manne. Mbaazi zikishapikwa hivo zinahama kutoka upande wa lawama zinakuja upande wa kujenga.

Kukaanga punguza, kuchoma na kuchemsha ongeza. Soda acha, sikiliza, chupa moja ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, juisi ya kusongwa ya miwa nayo usijidanganye, machungwa ya Muheza yapo, kula chungwa zima na nyama zake. Sukari kwenye chai punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi unazoea, ukikata yote kwa siku moja utarudia tu. Ukifanya hayo matatu, mafuta ya kukaangia, sukari ya kunywa na wanga wa kurundika, umeshapunguza kalori 300 mpaka 500 kwa siku na hicho ndicho kiasi kinachotakiwa, hujahesabu chochote na simu. Usizidishe. Wanaokula mlo mmoja wanapungua haraka kweli, ila msuli unaenda nao na nguvu ya kubeba mzigo haipo.

Kwa wembamba, nyie mnaopigiwa kelele za upepo, kinyume chake: ongeza kalori 200 mpaka 300 juu ya unachokula, sio elfu moja. Uji wa karanga na maziwa, ndizi, parachichi, wali wa nazi bila wasiwasi. Uzito upande kilo moja kwa mwezi, hata pungufu kidogo. Ukipanda kilo nne kwa mwezi ujue nyingi ni tumbo.

Haya, mazoezi.

Miaka ya 1940 huko Marekani kulikua na daktari anaitwa Thomas DeLorme, alikua anatibu wanajeshi walioumia magoti, akaona wakinyanyua vyuma ambavyo uzito wake unaongezwa kidogokidogo misuli inarudi haraka kuliko yale mazoezi mepesi waliyokua wanapewa. Mpaka leo hakuna siri nyingine kubwa kuliko hiyo. Mzigo lazima upande. Pushapu 30 ulizopiga mwaka jana na unazipiga mpaka leo zinakutunza tu hapo ulipo.

Na sio lazima iwe jimu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hii kanuni ndio inafanya dumu la lita 20 kuwa chuma bora kuliko watu wanavodhani, maana unaweza kuongeza uzito kilo moja kila unapotaka na jimu nyingi hazina chuma cha kuongeza kilo moja. Dumu likiwa na lita 12 una kilo 12, ukiongeza moja una kilo 13. Maji ya nusu dumu yanachezacheza, ukiona yanakusumbua tia mchanga, mchanga mkavu lita moja ni kama kilo moja na nusu, dumu zima likijaa ni kilo 30 hivi, na hapo utaheshimu. Hakikisha mkono wa dumu ni mzima, dumu la zamani lililopigwa jua linakatika ghafla. Wale wanaotaka dambeli, yaani chuma kidogo cha kubeba kwa mkono mmoja, kopo la rangi la lita 4 ukilijaza zege linafika kilo 9 mpaka 10, chomeka bomba la chuma katikati, limwagilie maji siku saba na uliache likomae siku 28 kabla hujaanza kuligonga chini, afu lipime dukani kwenye mzani maana makopo mawili ya vijana wa mtaani mara nyingi hayalingani, unakuta mkono mmoja unabeba kilo 9 mwingine 11 miezi yote. Begi la shule lenye mchanga kwenye mifuko linafaa kwa pushapu na skwati (kuchuchumaa na kuinuka). Kamba ya katani hatuwezi kuikosa sisi watu wa mkonge, funga kwenye boriti au tawi la mwembe lililo nene, ujivute.

Fanya siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kwa mfano, na uwe na siku za aina mbili unazipokezana, wiki hii A, B, A, wiki ijayo B, A, B.

Siku A: skwati umekumbatia dumu kifuani, pushapu, kuvuta dumu mpaka ubavuni kwa mkono mmoja huku umeinama na mkono mwingine umeshika benchi, mwisho kubeba madumu mawili ukatembea uwanjani kwenda na kurudi.

Siku B: kunyanyua mzigo kutoka chini, wenyewe wanaita dedlifti, madumu mawili pembeni ya miguu, kusukuma mzigo juu ya kichwa, kujivuta kwenye bomba au tawi, na skwati ya mguu mmoja mguu wa nyuma ukiwa juu ya benchi.

Kila zoezi seti tatu, yaani mizunguko mitatu, na kila seti marudio 8 mpaka 12. Pumzika dakika mbili kati ya seti, hata tatu kwenye skwati na dedlifti, wale wanaopumzika sekunde 20 wakidhani kuhema sana ndio kujenga wanapoteza nguvu ya seti inayofuata. Seti iishe pale unapohisi zimebaki moja au mbili tu ambazo ungeziweza kwa mkao mzuri. Ukimaliza ukiwa bado ungeweza kumi zingine hiyo seti ni ya kupasha mwili. Msuli unaweza kukua kwa marudio 6 na unaweza kukua kwa 25, cha muhimu ni ile karibu ya mwisho, ila 8 mpaka 12 ni rahisi kuzisimamia na viungo havichoki sana.

Hapa ndio daftari linaingia. Daftari la shule tu. Andika tarehe, zoezi, kilo, marudio. Umebeba kilo 12 umepata 8, 8, 7. Mara nyingine unatafuta 9, 8, 8. Ukifika 12, 12, 12 unaongeza lita mbili za maji unarudi 8 unaanza kupanda tena. Asiye na daftari anabahatisha, anabeba anachojisikia, na kujisikia kunategemea umelalaje, umekula nini, na nani anakuangalia. Nimewaona vijana wengi wana juhudi kuliko mimi na mwili haubadiliki, ukiwauliza wiki iliyopita ulibeba kilo ngapi hawajui. Pushapu zikifika 20 za heshima usiongeze idadi, inua miguu juu ya benchi au vaa begi la mchanga. Asiyeweza kujivuta hata mara moja aruke afike juu, ajishushe taratibu kwa sekunde tano, mara tano hivi, wiki chache zikipita anajivuta mwenyewe.

Mkao usiuchezee. Kwenye dedlifti mgongo unyooke, mzigo uwe karibu na miguu, sukuma ardhi kwa miguu badala ya kuvuta kwa kiuno. Kwenye skwati kisigino kisinyanyuke na goti lielekee vidole vinapoelekea. Shuka taratibu kila zoezi, sekunde mbili au tatu, kule kushuka nako kunajenga. Msuli kuuma siku mbili baada ya kuanza ni kawaida, kiungo kuchoma ndani au maumivu ya kushuka mguuni sio kawaida, acha. Na wiki mbili za mwanzo fanya seti mbili tu kila zoezi, tafadhali. Kuna watu wanaanza siku ya kwanza skwati 300 kwenye jua, kesho mkojo unatoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hiyo sio dalili ya mazoezi kukolea, msuli umevunjika na unaziba figo, kimbia Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu siku hiyohiyo.

Kukimbia je? Kimbia kama unapenda, moyo unahitaji, Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Lakini mwenye kilo 100 asianze kwa kukimbia, magoti yatamlilia, atembee haraka dakika 40, au apande baiskeli, mji wetu ni tambarare na baiskeli ni usafiri wa heshima hapa, kwenda kazini na kurudi umeshamaliza. Kuogelea Raskazone nako safi. Kama siku moja unafanya vyote viwili, anza na mzigo wakati una nguvu.

Joto la Desemba mpaka Machi linataka adabu. Piga tizi saa 12 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, kunywa maji kabla hujahisi kiu, na ukitoka jasho sana supu yenye chumvi kidogo baadae inasaidia kuliko vinywaji vya rangi. Usingizi uwe masaa 7 mpaka 9 kwa usiku. Mtu anayelala masaa 5 tu kwa sababu ya simu akiwa kwenye kupunguza chakula anapoteza msuli mwingi na mafuta machache, na njaa ya mchana wake haishikiki, hii sio nadharia tu utaiona mwenyewe.

Ramadhani inawavuruga wengi kwahiyo niiseme kwa kirefu. Wengi wanaacha mwezi mzima, afu wanaona wamenenepa na wamefunga, hawaelewi. Kulinda msuli kunahitaji kazi ndogo sana kuliko kuujenga, hata theluthi ya seti zako za kawaida inatosha, mradi kilo zisishuke. Kwahiyo fanya siku mbili kwa wiki, kila zoezi seti moja au mbili nzito, usitafute kupanda. Mda mzuri ni baada ya tarawehe, umeshafuturu, maji yameingia. Wengine wanapenda nusu saa kabla ya magharibi ili wamalize wafuturu, inawezekana ila iwe nyepesi, na kwa mwezi ukiangukia kwenye joto usithubutu. Futari yetu, mihogo ya nazi, magimbi, viazi, tambi, kaimati, yote ni wanga na mafuta, hapo ndio unene unapotoka. Anza na tende na maji, kula supu ya samaki au pweza kwanza, afu ndio uguse mihogo vipande viwili. Daku isiwe wali na chai tu, weka mayai, mtindi, maharage, protini inakaa tumboni na unashinda vizuri. Na maji gawanya kati ya futari na daku, usimeze lita mbili dakika tano kabla ya adhana.

Dada zangu na mama zangu, hii yote inawahusu bila kubadilisha kitu. Homoni inayojenga msuli mkubwa kwa mwanaume nyie mnayo kidogo sana, pungufu zaidi ya mara kumi, kwahiyo dumu la kilo 20 halitakupa mabega ya baunsa, litakupa mapaja na makalio yaliyokaa, mgongo usiouma na mifupa migumu ya uzeeni. Fanyeni uani nyumbani na dera lenu limefungwa vizuri, mlango umefungwa, hakuna wa kuwaangalia. Wanaopata hedhi nzito waangalie madini ya chuma, dagaa, maini, maharage, mchicha, na wakamue limao au wale chungwa pamoja na chakula, vitamini C inasaidia chuma kuingia, chai wasinywe na mlo maana inazuia, wasubiri saa moja. Mjamzito au aliyetoka kujifungua aongee na wahudumu wa kliniki kwanza. Vilevile mwenye presha, kisukari au shida ya figo, protini nyingi na mzigo mzito sio vya kuanza kichwakichwa, na mwenye kisukari anayetumia dawa akibadilisha chakula ghafla sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka.

Podi ya protini ni chakula tu, unga wa maziwa uliochujwa, ukiwa na hela na huna mda wa kupika nunua, ukikosa hujakosa kitu. Kwenye vya dukani, kreatini (unga wa kuongeza nguvu ya msuli) ndiyo yenye ushahidi mzuri, gramu 3 mpaka 5 kila siku, wakati wowote, mzani utapanda kidogo mwanzoni kwa sababu ya maji ndani ya msuli, sio mafuta. Lakini sindano na vidonge vya kujaza mwili ambavyo vinapitishwa kwa siri, naomba sana vijana, kaa navyo mbali. Korodani zinaacha kutengeneza homoni yake zenyewe, zinasinyaa, mbegu zinapungua mpaka mtu anakosa mtoto, moyo unanenepa, mafuta ya damu yanaharibika, na huyo anayekuuzia hajui hata ndani ya chupa kuna nini. Una miaka 20 na mwili mzima, usiutoe kwa kifua cha miezi sita.

Kupima. Mzani peke yake unadanganya, hasa kwa anayeanza, maana msuli unapanda na mafuta yanashuka mzani unakaa palepale na mtu anakata tamaa wakati mambo yanaenda. Tafuta futi ya fundi cherehani, zungusha kwenye kitovu asubuhi kabla ya kula, umepumua kawaida, usivute tumbo. Mara moja kwa wiki. Lengo la afya ni kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako, mwenye sentimita 170 kiuno kisifike 85. Mzani kama unao panda siku tatu nne kwa wiki utafute wastani, siku moja tu haina maana, chumvi ya jana na choo vinaweza kuhamisha kilo moja na nusu. Anayepunguza ashuke nusu kilo hivi kwa wiki, ikizidi kilo moja msuli unaondoka.

Ikitokea kiuno na uzito vimesimama wiki tatu nzima, usikimbilie kufunga siku nzima. Angalia kwanza vitu vinavyoingia bila kuonekana, sukari ya chai za ofisini, karanga za kutafuna kijiweni, mafuta ya mboga nyumbani, soda za shughuli za Jumamosi. Mara nyingi jibu lipo hapo. Kama hayapo toa robo ya ugali na wali wako, protini usiiguse, ongeza dakika 15 za kutembea kwa siku, subiri wiki mbili nyingine ndio upime tena. Na kama kilo za kwenye daftari nazo zimesimama au zinashuka na unajisikia mzito kila siku, chukua wiki moja ya nusu ya seti, mzigo uleule, kula kawaida bila kupunguza, lala vya kutosha, afu rudi ulipoishia.